Tuko mstari wa ngapi?

Nilikuwa nimekaa juu ya kiroba cha mwani mkavu, laptopu mapajani, betri iko asilimia 19, jua la saa nane linanichoma kisogo. Nilikuja kutafuta saini tu. Karatasi moja, saini tatu, muhuri wa sheha (kiongozi wa serikali pale mtaani), alafu nipande daladala nirudi mjini kabla ya magharibi.

Bi mkubwa, yule ambaye kikundi chote cha mwani pale kijijini kinamsikiliza, alikuwa anafungua taitai, vile vikamba vidogo vya kufungia mwani, kwenye kamba kuukuu huku mimi namsomea barua. Barua inasema kikundi chao kinaunga mkono kikamilifu andiko letu la utafiti, kwamba ni "wenza" wetu, kwamba watashirikiana nasi miaka mitatu kuchunguza joto la bahari na magonjwa ya mwani. Barua nimeiandika mimi. Hata sehemu inayosema "sisi wakulima tunaona" nimeiandika mimi, usiku, nikiwa na chipsi.

Nikamaliza kusoma. Akakaa kimya kidogo, kisha akauliza kwa upole tu, bila hata kuinua macho:

"Mwanangu, kwenye hiyo bajeti yenu siye tuko mstari wa ngapi?"

Nikacheka kile kicheko cha kuvuta muda. Nikafungua eksel nikaanza kushuka. Mtafiti mkuu. Mtafiti mkuu mwenza. Mwanafunzi wa uzamivu. Tiketi za ndege. Bima ya safari. Mafuta ya gari. Gharama za kuchapisha makala kwenye jarida. Nikashuka, nikashuka. Mstari wa 47: mikutano ya wadau, maji na vitafunwa.

"Arobaini na saba, bi mkubwa."

"Na wa mwisho wa ngapi?"

"Arobaini na tisa."

Akasaini.

Angekataa ningelala vizuri. Ningesema huyu mama mgumu, nikaenda kutafuta kikundi kingine ufukwe wa jirani, kazi ikaendelea. Ila alisaini, alafu akamwita mjukuu wake akamwambia alete daftari.

Daftari

Miaka kadhaa nyuma taasisi yangu ilikuwa na mradi pale, hela ya serikali ya nchi ya Ulaya, miaka mitatu kama kawaida. Tuliwaachia kikundi themomita tatu tukawaonyesha namna ya kupima joto la maji kwenye mashamba yao kila bamvua, siku zile za mwezi mpya na mwezi mpevu maji yanapojaa na kutoka kupita kawaida, asubuhi na mchana, na kuandika. Mradi ukaisha, ripoti ikaenda, gari likarudi mjini, na mimi nakiri kabisa sikukumbuka zile themomita tena. Kwenye orodha ya vifaa tuliziandika "zimetumika".

Daftari lenyewe ni lile kubwa la jalada gumu, kona zimevimba kwa chumvi, kurasa nyingine zimegandana inabidi uzitenganishe taratibu kama chapati za maji. Safu nne: tarehe, saa, joto, hali ya mwani. Mwandiko wa kurasa za mwanzo ni wa mtoto wa skuli, herufi kubwakubwa zinapanda mstari. Kadiri unavyofungua mwandiko unanyooka, unakuwa mdogo, unatulia, na kurasa za mwisho unaona kabisa huyu sasa ni mtu wa kidato cha nne. Ni yule yule mjukuu. Amekulia ndani ya daftari letu.

Kwenye safu ya nne wameandika wanavyoona wao. "Mzima." "Umekuwa mweupe ncha." "Maji moto kama chai, umekatika." Kuna siku moja imeandikwa tu "Msiba", na joto limepimwa vilevile.

Na tarehe zinaendelea. Mradi uliisha, zikaendelea. Nikafungua, zinaendelea. Miaka miwili baada ya sisi kufunga hesabu walikuwa bado wanapima, nikaanza kuhesabu mistari kwa kidole, nikafika 380 nikaacha.

"Kwanini mliendelea, bi mkubwa?"

Akaniangalia kama nimeuliza kitu cha ajabu.

"Hakuna aliyetuambia tuache."

Nikatoa simu nikapiga picha kila ukurasa. Nilipomaliza ndo nikauliza kama naweza kupiga picha.

Kile kijedwali

Kama hujawahi kuandika andiko la ruzuku za namna hii nikwambie tu zinavyokwenda, kwa kifupi. Serikali fulani inatangaza wito: mazingira, bahari, misitu, maji, chochote. Sharti lake siku hizi karibu lote ni ushirikiano, taasisi ya kwao na taasisi ya huku, na ikiwezekana "jamii". Una wiki tano au sita. Wiki mbili za kwanza zinaisha kwenye imeli za kujuana, moja inaliwa na mhasibu, na ile ya mwisho ndo unakimbizana na sheha.

Wenye uzoefu wanajua andiko linashindia sehemu mbili. Kwanza takwimu za awali, yaani uonyeshe huanzi hewani, tayari una kitu mkononi. Pili mchango wa wenza usio wa fedha, kile kijedwali ambacho kila mwenza anaandika anachokileta bila kulipwa, anakipa thamani, kinajumlishwa, na mfadhili anafurahi akiona hela yake imekuta hela nyingine.

Takwimu zetu za awali ni daftari la bi mkubwa. Sina nyingine. Vipimo vya joto vya miaka mitano mfululizo shambani kabisa, sio vya setilaiti ambayo inaona uso wa bahari kwa mbali lakini haijui kwamba maji yakitoka pale kwenye rasi yanabaki kina cha goti na yanachemka.

Na kwenye kijedwali cha mchango? Taasisi yangu tumeweka ofisi. Ofisi ina feni moja, inazunguka ikijisikia. Tumeweka gari, tumeweka asilimia 15 ya muda wa profesa ambaye kusema kweli muda huo hana, tumeweka intaneti. Vyote vimepewa thamani, vimejumlishwa, na aliyejumlisha ni mimi.

Safu ya kikundi cha mwani nilikuwa nimeandika sifuri.

Nilitamani sana fomu iwe na makosa. Nilirudi nikasoma mwongozo wote, kurasa zaidi ya arobaini, nikitafuta sehemu inayosema wanakijiji hawaruhusiwi kuhesabiwa. Haipo. Imeandikwa wazi kabisa, mwenza yeyote. Ile sifuri hakuna mzungu aliyeniwekea, niliiandika kwa vidole vyangu na wala sikufikiri.

Nikafanya hesabu siku moja usiku, kwa hasira tu. Nikachukua posho tunayomlipa msaidizi wa utafiti kwa siku, nikazidisha kwa siku zilizomo humo daftarini kuanzia mradi ulipofungwa. Ikaipita ofisi, feni na intaneti vikijumlishwa pamoja.

Mwani wenyewe

Wengi mnajua stori ya mwani wa Unguja kwahiyo sitarudia yote. Kilimo cha biashara kilianza 1989 huko Paje na Jambiani, mbegu zilitoka Ufilipino, na wanaume wengi walivyoona ile hela ya kuinama wakaacha, wakabaki kina mama. Kuna aina mbili kubwa, spinosamu na kotonii. Kotonii ndo yenye bei nzuri na ndo inayoshindwa na joto. Maji yakizidi nyuzi 30 na ushee siku nyingi mfululizo inapauka, inalainika, inakatika kwenye taitai, unakuta kamba tupu. Ugonjwa wenyewe wanauita ice-ice kwa sababu tawi linakuwa jeupe kama barafu, jina la kejeli ukizingatia kinachouleta ni joto.

Suluhisho lililozungumzwa miaka mingi ni kuhamia maji ya kina. Dk. Flower Msuya na wenzake wa Taasisi ya Sayansi za Bahari wamejaribu na kina mama nyavu za bomba zinazoelea huko mbele, na mwani unaota. Ila huko unahitaji ngalawa au boti, unahitaji kujua kuogelea, na kina mama wengi wa mwani hawajui kuogelea, wamezoea kutembea hadi shambani maji yakitoka. Kwahiyo hapo sayansi imejibu swali lake na swali la bi mkubwa bado liko palepale.

Na sayansi yote hii, karibu yote, imelipwa na serikali za watu.

Hela ya mbali

Hapa ndo kichwa kilianza kuniuma kweli.

Chukua GlobalSeaweedSTAR. Ulikuwa mradi mzuri, sina baya nao, 2017 hadi 2021, uliongozwa na SAMS, taasisi ya sayansi za bahari huko Uskoti, wenza wakiwa Malaysia, Ufilipino na Tanzania, ukisoma magonjwa ya mwani na kusomesha watafiti vijana. Hela ilitoka mfuko wa GCRF, pauni bilioni 1.5 za serikali ya Uingereza zilizoanza kutoka 2016. Sasa Uingereza ikaamua kushusha msaada wake kutoka asilimia 0.7 ya pato lao hadi 0.5, na Machi 2021 UKRI, wale wanaogawa hela za utafiti kule, wakatangaza wana pengo la pauni milioni 120. Watafiti dunia nzima, waliokuwa katikati ya kazi zao, wakapokea barua za kupunguziwa.

Juni 2023 zamu ya Sweden. Nchi ambayo imesomesha nusu ya maprofesa waliotufundisha (natia chumvi, ila sio sana) ikaamua kufyeka hela ya utafiti wa maendeleo, na wito wa mwaka ule, ambao watu walishaandika maandiko wakatuma, ukafutwa tu. Alafu Marekani, USAID yenyewe ikafungwa Julai 2025. Walikuwa na programu inaitwa PEER tangu 2011, nzuri kwa wazo lake, kwa sababu aliyelipwa moja kwa moja ni mtafiti wa huku, na mwenzake wa Marekani analipwa na serikali yake kupitia mlango mwingine.

Silaumu mtu kwa kubana hela yake. Mpiga kura wa Leeds huko Uingereza hana kosa kwamba hajawahi kusikia neno bamvua. Lakini angalia nini kilibaki kila gari lilipoondoka. Sisi tulirudi ofisini kutafuta wito mwingine, tukabadilisha maneno kwenye andiko, "uhimili" ikawa "uchumi wa buluu". Aliyebaki majini na themomita ni mtu ambaye hata hajui serikali gani imefuta nini. Kupima kwake hakujawahi kuning'inia kwenye bajeti ya mtu.

Na hela ya karibu

Najua mtu atasema, si tuna yetu? Tunayo. COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania, ipo kwa Sheria Namba 7 ya 1986, na mfuko wake, MTUSATE, upo tangu 1995. Mawaziri wa Afrika walikubaliana Khartoum 2006 kwamba kila nchi itenge asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti, na hatujafika. Wakenya wao walikwenda mbali zaidi, sheria yao ya sayansi ya 2013 imeandika asilimia 2 ya pato la taifa iende kwenye mfuko wa utafiti, na hazina yao haijawahi hata kukaribia huko. Sisi tumeshindwa kutimiza ndogo, majirani wameshindwa kutimiza kubwa, tuko droo.

Kinachonivutia zaidi ni zile ruzuku za pamoja, baraza letu na baraza la nchi nyingine ya Afrika wanatangaza wito mmoja, na kila serikali inawalipa watu wake. Hakuna anayemtumia mwenzake hela, kwahiyo hakuna bosi. Mbaya ni kwamba hazina mbili hazitembei mwendo mmoja, unaweza kukuta wenzako wameshaanza kukusanya sampuli kaskazi hii na wewe bado unasubiri fungu, likija kusi limeshaanza na unachopima ni bahari nyingine kabisa.

Wamarekani kwa mambo yao ya ndani wana kitu ambacho nakionea wivu kidogo. Kuna mtandao unaitwa CESU, umeunganisha mashirika ya serikali yanayoshika ardhi na wanyama, kama huduma ya mbuga za taifa, pamoja na vyuo vikuu, na walishakubaliana mapema kwamba chuo kitakata asilimia 17.5 tu kama gharama za uendeshaji. Imeisha. Wito ukija hakuna kuvutana nani anakula ovahedi kiasi gani. Sisi mvutano huo tunaufanya upya kila mara, siku tatu kabla ya dedilaini, na anayekosa nguvu ya kuvuta ni yule ambaye hayupo kwenye ile imeli.

Bi mkubwa hana imeli.

Watu wazima tukabishana

Nilipeleka wazo ofisini: tuwatoe mstari wa 47, tuwaweke juu na malipo ya siku, na tuandike kazi yao ya nyuma kwenye kijedwali. Nilitegemea ubishi wa hela. Ubishi uliokuja ni mwingine.

Wa kwanza akasema, ukiwalipa kwa kupima wataandika unachotaka kusoma. Nikamuuliza, na sisi je, hatulipwi? Chumba kikacheka ila hakuna aliyejibu, na mimi mwenyewe sina jibu.

Wa pili, mhasibu, akaleta mambo ya kweli. Mkataba, TIN (namba ya mlipakodi), akaunti ya benki, kodi ya zuio. Mama ambaye hela yake yote inapita kwenye simu na kwenye kibubu cha kikundi, leo unamwambia akafungue faili mjini ili alipwe kazi aliyokuwa anaifanya bure bila faili. Nauli peke yake ni siku nzima.

Wa tatu hakubishana. Ni dada mmoja mkimya, amefanya kazi pwani kuliko sisi wote. Akasema, "Mmewahi kufikiria kwanini daftari lile liliendelea? Kwa sababu hamkuwa mnalipa. Mkilipa, siku hela ikiisha na kupima kunaisha."

Hilo ndo limenisumbua wiki zote hizi, sio lile la bajeti. Maana anaweza kuwa sahihi. Tumeona miradi ya kulipa watu kulinda mikoko, hela ikikatika mlinzi anakuwa mkataji. Inawezekana kabisa kwamba njia ya uhakika ya kuliua daftari lile ni kulipa haki yake.

Alafu nageuza naliangalia upande wa pili, naona aibu. Kwamba nimeamka asubuhi, nina mshahara, na hoja niliyonayo mkononi ni kwamba huyu mama asilipwe kwa sababu anafanya vizuri akiwa halipwi. Hoja hiyo hiyo ukinigeuzia mimi naandamana.

Mwishowe niliamua hivi, na sijui kama ni sawa: walipwe kwa kile tunachoongeza sisi, yaani vipimo vipya, sampuli, usumbufu wetu. Kile chao cha kila bamvua tusikiguse, kibaki chao, ila kiandikwe kwenye kijedwali kwa thamani yake, na makala ikitoka kikundi kiwe kwenye orodha ya waandishi, sio kule chini kwenye shukrani pamoja na dereva. (Na dereva naye, jamani. Siku nyingine.)

Nikatuma bajeti mpya kwa mwenza mkuu huko Ulaya. Akajibu siku ya pili, kwa heshima, na swali moja: kwenye mfumo wao wa kujaza kuna kuchagua, "wafanyakazi" au "washiriki wa utafiti", hawa niwaweke wapi? Washiriki ndo wale unaowahoji. Nikamwandikia wafanyakazi. Akauliza, una uhakika? Nikakaa na ile imeli wikendi nzima kabla sijaandika ndiyo.

Bamvua

Juzi nilirudi kijijini na daftari nililolichapisha, nakala mbili, nimelibandika jalada la plastiki, na bajeti mpya ndani. Na ruhusa ya picha, niiombe safari hii nikiwa sijapiga.

Nyumbani hakuna mtu. Baraza tupu, kamba zimeanikwa, kuku tu. Mtoto mmoja akaniambia wote wako pwani, leo bamvua. Mimi, mtu ambaye kwenye andiko nimeandika ukurasa mzima kuhusu ratiba ya maji, nimekuja mchana wa bamvua kutafuta mkulima wa mwani nyumbani kwake.

Nikavua viatu, nikakunja suruali, nikaingia. Ni mwendo mrefu, unakanyaga mchanga, majani, mchanga, unaogopa miiba. Nikamkuta ameinama, kanga imefungwa kiunoni, anafunga mbegu. Mjukuu kasimama pembeni na themomita.

"Shikamoo bi mkubwa."

"Marahaba. Umekuja saa ya kazi."

Nikamwambia nimeibadilisha ile bajeti, nimekuja aione kabla haijaenda. Hakunyoosha mgongo.

"Enhe. Sasa siye wa ngapi?"

"Wa tano."

"Wa nne nani?"

"Mimi."

Akaniambia nisogee, nimesimama juu ya kamba yake.